Tela Lililoipa Barabara Mgongo

Kazi yangu ni matairi. Nina kibanda karibu na stendi ya Tukuyu, na kila dereva anayeziba pancha kwangu huuliza swali lile lile akiwa anasubiri: wapi kuna nyama ya maana? Nilichoka kujibu mmoja mmoja, nikafungua kundi la WhatsApp, nikaliita Jiko Halidanganyi. Nikila mahali, naandika. Sili bure na sijui kupamba. Hukumu zangu ni tatu tu: sitarudi, nitarudi, na nitarudi na watu.

Hiyo ya mwisho inanitoka kwa shida. Kuna jamaa pale Kiwira anachoma kwa mkaa uliolowa. Nyama yake inanuka kama shati la mtu aliyelala msibani. Sitarudi. Kuna tela mjini lenye taa za rangi na muziki. Mishikaki yake ni kitunguu, hoho, kitunguu tena, halafu kipande cha nyama kimekaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Niliandika hivyo hivyo, mwenye tela akaacha kunisalimia. Kuna mama anachoma kuku nyuma ya soko, kuku mzuri na pilipili nzuri, lakini anagombana na wateja. Nitarudi, peke yangu.

Aliyenipeleka kijijini Lupepo ni Nurdin. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, tumepakana vibanda. Babu yake alikuja huku kutoka Kilwa na biashara ya vitambaa, baridi ikamshika, akaoa, akabaki. Nurdin anatengeneza matela ya chakula, na kila akimaliza moja anajisifu wiki nzima.

"Baba Lilian," akaniambia, "nimempelekea dada mmoja tela Lupepo. Dirisha nimelitoa upande mzima, linatazama barabara kama runinga. Nenda kale, halafu uje uniambie kama kuna fundi mwingine mkoa huu."

"Mimi nakula nyama, sili dirisha."

"Kale vyote. Mbuzi anachinjwa na Salimu wa machinjioni, hata sisi Waislamu tunakula."

Nikaenda na pikipiki. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa, taa ya mbele ikawa ya urembo tu. Sikuliona tela. Nilipata harufu, mafuta ya mbuzi yakidondokea makaa, nikapunguza mwendo na kufuata pua mpaka nikakaribia kugonga meza.

Ndani ya tela alikuwa Tusekile, mwanamke wa thelathini na kitu, mabega mapana, kitambaa kichwani. Alikuwa amechomea watu nyama Mbeya kwa miaka, kwenye majiko ya wengine. Hili lilikuwa lake. Hata alivyolifuta ungejua.

"Shikamoo baba. Mbavu au paja?"

"Marahaba. Nipe unachokula mwenyewe."

"Mimi huwa nakula kinachobaki."

"Basi nipe ambacho huwa hakibaki."

Akacheka, akanikatia mbavu. Nilimtazama anavyofanya. Mbavu anaziweka kwanza mbali na moto na kuzifunika kwa jani la mgomba, mpaka jani lile ligeuke rangi ya tumbaku. Hapo anafunua, anasogeza makaa, anamalizia kwa moto mkali. Mkaa wake unatokana na mashina ya chai, yale ya zamani yanayong'olewa shamba likipandwa upya. Ni mgumu, haurushi cheche, na unakaa. Pembeni ndizi zinaiva ndani ya maganda yake, na kachumbari anaikatia parachichi lililoiva vizuri, si lile la kubonyeza kwa gumba na kutumaini.

Nilikula mpaka mfupa. Nikaagiza tena. Nilikuwa katikati ya sahani ya pili ukungu ulipoanza kuinuka, na barabarani nikamwona mzee mmoja mrefu, koti la mvua, dumu la maziwa mkononi. Alipofika mahali pa kuliona tela vizuri akasimama ghafla, akageuka, akaingia kwenye shamba la chai. Nilisikia buti zake zikivutwa na tope.

Nilipogeuka kumwuliza Tusekile, hayupo. Alikuwa amezama chini ya dirisha kama mtu aliyeona nyuki.

"Ameshapita?" sauti ikatoka chini.

"Mwenye koti? Ameingia kwenye chai."

Akainuka, majivu magotini, khanga ameivuta mpaka puani. Kwenye jiko mbavu mbili zilikuwa zimeshika moto.

"Ni mkweo," nikasema.

"Ni baba mkwe."

Mimi ni Mnyakyusa, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akimwona anakuja, mwanamke anatoka njiani, anainama, anajifunika. Hamsemeshi, wala hasemeshwi. Tunaita ukutila. Vijana wa mjini wengi wameacha, lakini Lupepo kwa wazee bado iko. Si chuki. Ni heshima, tena nzito kuliko shikamoo zote unazozijua.

Sasa Nurdin, kwa ufundi wake wote, alikuwa amemsimamisha mwanamke wa watu ndani ya dirisha upana wa tela zima, akitazama barabara ambayo mkwewe anaipita asubuhi na jioni kupeleka maziwa.

"Amesema nini mzee?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Ndiyo shida. Angesema, mama mkwe angeniletea maneno. Amenyamaza tu, anazunguka kwenye tope."

"Na Fred?" Fred ni mumewe, dereva wa lori, siku nyingi yuko Tunduma.

"Fred anasema nivumilie, nikimwona baba niiname. Nikiinama nyama inaungua. Leo umeona mwenyewe."

Niliondoka pale na roho mbili. Lakini kundi langu ni la nyama, si la mambo ya ukweni. Niliandika nilichokula: mbavu za mbuzi chini ya jani la mgomba, ndizi ndani ya ganda, Lupepo, tela la dada Tusekile. Nitarudi na watu.

Watu walikuja kabla sijarudi. Siku ya soko, pikipiki zilijaa barabara yote, na zilizokosa nafasi zikaegeshwa kwenye kile kinjia cha chai alichokimbilia mzee. Mzee Andongwisye, yule baba mkwe, akaja na dumu lake. Barabarani watu, kwenye chai pikipiki, na mbele yake lile dirisha. Akashuka korongoni, upande wa kijito. Akateleza. Maziwa yote yakaenda na maji, na goti likajipinda.

Jioni simu yangu ikalia. Alikuwa Tusekile. Hakulia, alikuwa na hasira.

"Baba Lilian, ndugu wanakaa Jumapili baada ya ibada. Mama mkwe ameniambia mapema nisije nikashtuka. Tela linaondolewa. Fred amekubali, anasema hawezi kushindana na goti la baba yake. Wewe umeniletea watu. Sasa niletee akili."

Jumamosi nikafunga kibanda, nikamchukua Nurdin na jenereta lake na mashine ya kuchomelea. Njiani nilimweleza habari yote. Tulipofika alilizunguka tela lote, akilipima kwa macho.

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema mwishowe. "Kwetu mkwe anakuja, anakula, anakosoa, anaondoka. Hakuna anayejificha, ingawa wengine tungependa."

"Hakuna anayekulaumu. Tunageuza tela."

"Tunageuza vipi?"

"Dirisha lielekee bondeni. Barabara ipate mgongo."

Nurdin akanitazama kama nimemwambia tukaange samaki bila sufuria. "Dirisha la biashara linatazama barabara, Baba Lilian. Ukiligeuza litauzia chai, na chai haina mfuko. Weka pazia."

"Ukiweka pazia litafanana na bafu. Nani atakula kwenye bafu? Sikiliza. Siku ya kwanza nilipokuja hapa sikuona dirisha lako. Sikuona hata tela. Nilifuata moshi. Huku nusu ya mwaka mtu haoni mkono wake mwenyewe. Hawa watu wangu hawatafuti dirisha, wanatafuta nyama."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi watakuwa wameshazoea."

Tusekile alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. "Na upepo ukivuma kuelekea bondeni, moshi ukaenda huko?"

Swali zuri. Sikuwa nimelifikiria. Nurdin ndiye aliyejibu, na hapo nikajua amekubali: "Nitaweka bomba. Moshi utatokea juu, uangukie barabarani upende usipende."

Kugeuza tela kwenye tope la Lupepo si mchezo. Nilipiga jeki upande mmoja, nikaingiza mbao chini ya tairi, kisha upande wa pili. Wachuma chai waliokuwa wanatoka shambani walikuja kutucheka, halafu wakaona aibu kucheka bila kusukuma. Tulisukuma kwa kuimbiana. Tela likaenda kidogo kidogo kama ng'ombe asiyetaka josho, mara likazunguka lote kwa mkupuo mmoja na kukaa, dirisha likitazama bonde na safu za chai mpaka mbali. Tusekile akaingia ndani, akasimama pale dirishani, akatazama.

"Afadhali hata mandhari," akasema.

Upande wa barabara ulikuwa bati tupu. Nurdin akarudi nyuma kulitazama, uso umemshuka. "Linafanana na choo cha shule."

"Ndiyo maana bado hujamaliza," nikamwambia. "Kata tundu hapa chini. Upana wa sahani, si zaidi. Weka kifuniko cha kuinua na ubao wa kuwekea. Nje weka benchi, mtu akikaa mgongo wake uwe kwenye tela, na juu paa dogo la mvua. Mkono upite, uso usipite."

Nurdin akaanza kucheka taratibu, akavaa miwani yake ya kazi. Alikata mpaka jioni.

Jumapili nikaenda kwa Mzee Andongwisye. Uwanja ulikuwa umefagiwa, viti vimepangwa. Mzee mwenyewe goti limefungwa kitambaa, kando yake ndugu zake wawili na mkewe, Mama Esnath. Tusekile hakuwepo uwanjani, bila shaka. Alikuwa kule kwenye tela, ameshawasha makaa tangu asubuhi.

"Mugonile, tata," nikasalimia.

"Ndaga. Wewe ndiye yule wa matairi, unayeandika nyama kwenye simu."

"Ndiye mimi."

"Umeniandikia goti." Ndugu zake wakacheka. Yeye hakucheka. "Umekuja kumtetea?"

"Sijui kutetea, mzee. Nimekuja kuuliza. Ugomvi wako ni na nini?"

Alisugua goti. "Watu wanadhani nina ugomvi na mke wa mwanangu. Sina. Tangu amekuja hapa hajawahi kunikosea. Chakula chake nakula, naletewa na mama mkwe wake hapa, na sirudishi kitu. Lakini mtu akisimama dirishani anauza uso pamoja na nyama. Mimi nipite wapi? Nikipita namkosea. Nisipopita, maziwa yanamwagika. Sina ugomvi na yeye. Nina ugomvi na lile dirisha."

"Dirisha halipo tena."

Mama Esnath akageuka. "Limekwenda wapi?"

"Linatazama bondeni. Barabara imepewa mgongo. Mzee anaweza kupita sasa hivi, asubuhi, usiku, hata akitaka kupita akiimba."

Ndugu mdogo wa mzee, mwenye kofia ya sufu, akaguna. "Na nani atanunua kwenye mgongo? Mnamdanganya mtoto wa watu. Ni afadhali liondoke leo kuliko life pole pole."

Maneno yale yalinigusa kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mzee akanyoosha mkono kumnyamazisha. "Twendeni tukaone," akasema. "Likiwa na watu, libaki. Likiwa halina, Fred aje alivute. Na mimi nipite barabarani kama mtu, tuone."

Tukatoka. Mzee alikwenda kwa fimbo, hakukubali kushikwa. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu mawingu. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, jua lilikuwa limetoka. Hakuna ukungu. Mtu yeyote angeona kutoka mbali bati tupu la Nurdin limesimama kando ya barabara kama kitu kilichosahauliwa na wakandarasi. Nilikuwa nimeandika kwenye kundi asubuhi ile: "Lupepo. Usitafute dirisha. Fuata moshi, zunguka nyuma." Sikujua kama kuna aliyesoma.

Tulipofika kwenye kona, mzee akasimama pale pale aliposimama siku ile ya kwanza. Macho chini, kwa mazoea. Halafu akayainua polepole.

Bati. Benchi tupu. Hakuna pikipiki hata moja barabarani.

"Mnaona," yule wa kofia akasema.

Mzee akainua pua. Alikuwa anavuta pumzi. Bomba la Nurdin lilikuwa linafanya kazi yake: moshi unapanda, unapinda, unashuka barabarani na harufu yake yote. Kisha tukasikia kicheko kutoka upande wa pili, na sauti ya mtu akisema ongeza pilipili. Nikazunguka kuchungulia. Pikipiki zilikuwa zimepangwa chini kwenye kiwanja cha bondeni, moja nyuma ya nyingine, na watu wamejaa kwenye majani, sahani mapajani, wanatazama chai. Nurdin alikuwa katikati yao, mfupa mkononi, akieleza jinsi wazo la kugeuza tela lilivyomjia.

Nilirudi. "Njaa imewamaliza huko nyuma," nikasema. "Nendeni mkahakikishe."

Yule wa kofia akaenda. Hakurudi. Baadaye tulimkuta na mbavu.

Mzee Andongwisye akapita. Alipita barabarani, katikati, fimbo ikigonga, na hakuna aliyeinama wala kuzama. Alipofika kwenye benchi akasimama. Akalitazama lile tundu dogo na kifuniko chake. Akakaa, mgongo kwenye bati, uso barabarani, kama mzee yeyote anayepumzisha goti.

"Baba Lilian," akaniita, ingawa nilikuwa karibu naye. "Mwambie anayechoma aniletee."

"Mzee anaomba sahani," nikasema kwenye tundu.

"Nimesikia," Tusekile akajibu ndani, chini kwa chini.

"Amesikia, mzee."

"Nimemsikia kwamba amesikia."

Kifuniko kikainuka. Mkono ukatoka, umeshika sahani, ukaiweka kwenye ubao, ukarudi. Mzee hakugeuka mpaka kifuniko kiliposhuka. Akachukua. Huko nyuma kelele zikaanza kupungua. Nadhani Nurdin alikuwa amewaambia. Watu wa nyama wanajua hukumu ikikaribia.

Mzee alitafuna upande mmoja, polepole. Kumbe huyu, enzi za ujana wake, ndiye aliyekuwa akichoma kwenye harusi zote za Lupepo. Mama Esnath aliniambia hapo hapo, kwa kunong'ona, kana kwamba ni siri.

"Mwambie," mzee akasema, "chumvi imetangulia. Chumvi inakuja nyama ikishaanza kulia, si kabla. Ukiitanguliza inanywa maji yote."

Nikageukia tundu. "Anasema chumvi..."

"Mwambie baba nitaiweka mwishoni."

"Na jani," mzee akaendelea, hakunisubiri. "Mwambie jani alilotumia ni la mgomba mchanga. Achukue lililokomaa, alipitishe motoni kwanza. Litatoa mafuta yake."

"Mwambie baba nilikuwa sijui hilo."

"Mwambie hakuna aliyewahi kumwambia. Ningemwambiaje?"

Hapakuwa na kitu cha kupeleka. Miaka yote ile mafundi wawili wa moto walikuwa wakila chungu kimoja, na mmoja hakuwa na njia ya kumfikishia mwenzake habari ya chumvi. Ndani ya tela makaa yalisogezwa. Baadaye kidogo kifuniko kikainuka tena, sahani ya pili ikatoka. Chumvi mwishoni.

Mzee akaila yote. Mifupa akaipanga kando, safi kama imeoshwa. Akajifuta midomo na kujiegemeza kwenye bati, na mimi nikajua upande wa pili, kwenye bati lile lile, kuna mtu amesimama bila kupumua.

"Esnath," akasema, "Fred akipiga simu mwambie tela halivutwi na mtu."

Huko nyuma wakapiga makofi na miluzi, na mtu mmoja akapiga honi ya pikipiki mpaka akaambiwa aache. Ndani ya tela nikasikia Tusekile akicheka huku anapigapiga bati kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake.

"Wewe wa matairi," mzee akanigeukia. "Unaandikaga nini pale mwisho?"

Nikamweleza hukumu zangu. Akasikiliza zote mpaka mwisho.

"Andika ile ya tatu."

"Nilishaandika, mzee. Siku ya kwanza."

"Uliandika yako. Andika yangu."

Nikaandika yake, pale pale, akinitazama vidole. Siku ya soko iliyofuata akaja na wazee wenzake, benchi zima likajaa na wengine wakakaa kwenye magogo: makoti ya mvua, fimbo, kofia za sufu, wote wamelipa tela mgongo na tela limewapa mgongo, wanatazama barabara bila haraka. Kifuniko kikawa kinainuka na kushuka, sahani zinatoka, na kila mmoja ana neno lake la kumwambia anayechoma. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyapeleka, tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka, na nyama yangu mwenyewe ikapoa kwenye sahani.